Mjadala: Je, NHL ipige marufuku ngumi na kila pigo la kichwani?

Mleta mada

Ndugu zangu, tarehe 15 Februari 2025, mjini Montreal, mechi ya hoki ya barafuni kati ya Kanada na Marekani ilianza kwa ngumi, na watu wakakunjana mara tatu ndani ya sekunde 9 za kwanza za mchezo. Katika pambano la tatu, J. T. Miller wa Marekani alipigana na Colton Parayko, beki wa Kanada. Uwanja ulilipuka kwa shangwe, na kwa siku kadhaa zile sekunde 9 zilizungumzwa kuliko mabao. Siku hiyohiyo ilikuwa imetimia miaka 10 kamili tangu kifo cha beki mwingine wa Kanada, Steve Montador, aliyekutwa amefariki nyumbani kwake Mississauga akiwa na umri wa miaka 35. Hilo sikumsikia mtu yeyote akilitaja, na ndilo lililonisukuma kuileta mada hii.

Montador hakuwa nyota. Vijana wa rika lake walipochaguliwa na klabu za NHL, yaani ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, yeye hakuchaguliwa na klabu yoyote. Alipata mkataba wa Calgary mwaka 2000, akapita Florida, Anaheim, Boston, Buffalo na Chicago, akafikisha mechi 571. Mwezi Mei 2004 alifunga bao la muda wa nyongeza dhidi ya San Jose katika nusu fainali, na kwa wapenzi wa Calgary bao hilo halijafutika. Alikuwa beki wa kazi ngumu: kuzuia mashuti kwa mwili, kugongana ukutani, na kukunja ngumi mwenzake alipoonewa. Mtikisiko wa ubongo ulimpata mara nyingi. Alipofariki, madaktari wa Toronto waliuchunguza ubongo wake wakaukuta na CTE, ugonjwa unaohusishwa na vishindo vya kichwa vinavyorudiwa kwa miaka, ambao mpaka leo huthibitishwa tu baada ya mtu kufa.

Naomba tusiishie kwenye ngumi, maana huko ndiko mijadala ya aina hii hukwama. Itazameni kazi yenyewe ya beki. Mimi huketi mara kwa mara nyuma ya kioo katika uwanja wa mtaani hapa Ontario, na jambo moja bado sijalizoea. Kisahani kinachochezewa kinatupwa konani, beki anageuka na kuwapa mgongo wapinzani, anakikimbilia. Hamwoni anayemfuata, anachosikia ni vyuma vya viatu vikikwaruza barafu, na kwa sauti hiyo anakisia mtu amebakiza hatua ngapi. Kisahani kinagota kwenye ukuta, kinamponyoka katikati ya miguu, naye anainamisha kichwa kukitafuta. Hapo ndipo anapogongwa. Kioo kinatikisika mpaka kikombe cha chai mkononi mwangu kinacheza.

Zamani beki mwenzake aliweza kumchelewesha mshambuliaji kidogo, kwa bega au kwa gongo la kuchezea kiunoni, na waamuzi wakafumba macho. Msimu wa 2004–05 ulifutwa wote kwa sababu ya mgogoro wa mikataba kati ya wamiliki na wachezaji, na ligi iliporejea mwaka 2005 iliruhusu pasi ndefu ivuke mstari mwekundu wa katikati, huku waamuzi wakiagizwa kuadhibu kila kizuizi. Mchezo ukapata kasi na ukapendeza zaidi, sikatai. Lakini gharama ya kasi hiyo aliibeba yule mwenye mgongo wazi pale konani, na ndani ya miaka hiyohiyo Montador alikuwa akipata mkate wake.

Kwa hiyo hoja yangu ina sehemu mbili: anayepigana ngumi atolewe mchezoni, badala ya kukaa nje dakika 5 kisha kurudi, na kila pigo linalotua kichwani liadhibiwe, liwe la makusudi au la bahati mbaya.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa heshima, na habari ya Montador imenigusa. Hata hivyo sikubaliani nawe, na nitaeleza kwa nini.

Wewe mwenyewe umesema hakuchaguliwa na klabu yoyote. Ni kitu gani basi kilichompa mechi 571? Ni ule ujasiri wa kufanya kazi ambayo wenye vipaji vikubwa hawakuitaka. Ukiiondoa kazi hiyo, umemfungia mlango kijana kama yeye, na ligi itabaki ya waliojaliwa miguu myepesi tu. Mtazame pia Zdeno Chara wa Slovakia, beki mwenye urefu wa mita 2.06, aliyewahi kuupanda hata mlima wetu Kilimanjaro. Alicheza mechi 1,680, nyingi kuliko beki mwingine yeyote katika historia ya NHL, na katika fainali ya 2019 alirudi uwanjani taya likiwa limevunjika. Watu hawa ni wazima wenye akili zao. Wana chama chao cha wachezaji na wanatia saini wanachokijua. Sisi tulio nje tuna haki gani ya kuwaamulia?

La pili ni ulinzi. Mchezaji anayejua kwamba uhuni wake utajibiwa papo hapo hufikiri mara mbili kabla ya kumpiga mwenzake gongo la mkono. Ukiziondoa ngumi bila kuweka kitu mahali pake, nahofia magongo yatafanya kazi hiyo, na gongo ni baya kuliko ngumi. Isitoshe, ngumi zimepungua sana zenyewe tangu miaka ya 1980 bila marufuku yoyote. Uacheni mchezo ujirekebishe.

Mchangiaji wa pili

Naongeza jambo dogo kutoka Nairobi, ambako Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, wamekulia katika uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari. Sisi tunaoufuatilia mchezo huu hapa tunazitazama kanuni za shirikisho la kimataifa, na chini ya kanuni hizo anayepigana hutolewa. Sijaona mchezo ukipungukiwa na kitu. Fainali ya Olimpiki ya Vancouver, tarehe 28 Februari 2010, Kanada ilishinda 3–2 katika muda wa nyongeza, na wachezaji karibu wote walikuwa wa NHL. Hapakuwa na ngumi hata moja.

Mleta mada

Nakushukuru sana, dada wa Nairobi. Umelisema kwa ufupi lile ambalo ningehitaji ukurasa mzima kulieleza.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, hoja yako ya mlango wa kijana asiye na kipaji kikubwa ndiyo nzito kuliko zote, na imenikosesha usingizi. Lakini Montador alikuwa anacheza hoki. Alisoma mchezo, alitoa pasi ya kwanza, alifunga pale Mei 2004. Ikiwa mtu wa namna hiyo analazimika kuongeza kichwa chake juu ya mizani ili abaki na ajira, basi mlango unaoutetea una ushuru ambao hakuna mwajiri mwingine angeruhusiwa kuutoza.

Kuhusu kutia saini wanachokijua: walikijua kweli? Kamishna Gary Bettman ameshikilia kwa miaka mingi kwamba sayansi haijathibitisha uhusiano kati ya hoki na ugonjwa huu. Mwaka 2018 ligi ilimaliza kesi ya wachezaji wastaafu zaidi ya 300 kwa takriban dola milioni 19 bila kukiri kosa lolote. Baba yake Montador naye alikuwa ameishtaki ligi mwaka 2015. Mwajiri asiyekiri hatari hawezi kudai kwamba mfanyakazi aliikubali.

Na kuhusu mchezo kujirekebisha wenyewe, nakupa mfano wa watoto. Mwaka 2013 Hockey Canada, chombo kinachosimamia hoki nchini Kanada, ilipoondoa kugongana miili kwa wenye miaka 11 na 12, wazee wengi hapa walilalamika kwamba vijana watalegea. Majeraha yalipungua, na watoto bado wanacheza kwa ari ileile. Hilo lilifanywa kwa kanuni, halikuja lenyewe.

Sasa nakuomba, kaka, unijibu hili moja. Gongo likimgusa mpinzani usoni, hata kwa bahati mbaya, kwa kawaida mwenye gongo anaadhibiwa, kwa sababu gongo ni lake na yeye ndiye wa kulidhibiti. Lakini kanuni ya 48 ya NHL, iliyoanzishwa mwaka 2010 na kupanuliwa 2011, inaadhibu pigo la kichwani pale tu linapoonekana lingeweza kuepukwa. Bega nalo si la mchezaji?