Msaada: saketi ya karenti isiyobadilika, renji tatu, bei nafuu

fundi_pampu: Wakuu habari. Nasuka mota za pampu na feni, sasa mita ya kawaida kwenye waindingi (koili ya mota) ya ohm 2 haieleweki, waya zake zenyewe zina ohm zake. Nataka nipitishe karenti ninayoijua alafu nipime volti moja kwa moja kwenye waindingi. Nimeunga LM317 (IC ya kudhibiti volti) na selekta (swichi ya kuchagua renji), 100mA na 10mA ziko poa kabisa ila 1mA inagoma, rizista ni 1.2k lakini inatoa 3mA na ushee. Shida nini?

mtu_wa_risasi: Mkuu IC yako nzima hiyo. LM317 ina karenti yake ya kuishi inayotokea mguu uleule wa OUT, kawaida kama 3.5mA na datashiti inasema inaweza kufika 10mA, chini ya hapo haitulii. Hamia opampu (IC inayolinganisha volti za miguu yake miwili, + na −). Opampu LM358 na mosifeti IRFZ44N (transista yenye miguu geti, dreni na sosi) bei yake ndogo, TL431 (IC ya volti thabiti) wala usinunue, fungua pawa saplai mbovu ya kompyuta mara nyingi imo. TL431 inakupa 2.5V, igawe kwa rizista mbili upate 1V uipeleke mguu wa + wa opampu, mguu wa − unarudi kwenye sosi ya mosifeti, na toka sosi kwenda graundi ndio rizista za renji: 1k, 100 na 10. Ya 10 inakula wati 0.1 muda wote, weka ya wati 5 maana ikipata moto ohm zinahama na karenti inahama nayo. Saplai iwe 12V, kwa 5V geti haifunguki vizuri. Waindingi inakaa kati ya + ya saplai na dreni.

Bi_Saketi: Naongezea kwenye selekta, hapo ndipo wengi wanapoteza usahihi. Kontakti ikiwa na 0.1 ohm, kwenye ile ya 10 tayari umekosea 1%. Chukua selekta ya pole mbili, moja ipitishe karenti na nyingine ichukue volti juu kabisa ya rizista ipeleke mguu wa −. Alafu weka 100k toka sosi hadi mguu huo, usibaki hewani wakati unazungusha, la sivyo opampu inafungua mosifeti mpaka mwisho.

mtu_wa_risasi: Sahihi kabisa. Na waindingi ni koili, zima kwanza ndio uchomoe klipu, na dayodi 1N4007 iwepo kwenye output imegeuzwa.

fundi_pampu: Shukrani sana wakuu. Nikiongeza renji ya 1A je?

Bi_Saketi: Kaka haina haja. 100mA kwenye ohm 2 ni 200mV, mita inayosoma 0.1mV inakuonyesha tofauti ya elfu moja ya ohm, inatosha kabisa kulinganisha fezi na fezi. Kwa 1A mosifeti itachoma kama wati 9 utafute hitisinki kubwa, na waindingi yenyewe inapata joto, shaba inapanda karibu 0.4% kila nyuzi moja.