Tupeane uzoefu: wadau kusimamia majengo na vifaa vya sekondari, kwenu inakuwaje?

Wakuu habari zenu. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili, maana ninachokiona mimi mzazi anaitwa wakati wa kuchanga tu, darasa likishasimama na utepe ukakatwa hakuna anayemuuliza tena, gata za paa zinazibwa na majani, maji yanarudi ndani, dari inaoza, halafu anaitwa upya kuchangia dari. Mi ni mjumbe wa bodi ya shule. Kwetu siku hizi kabla ya kikao tunazunguka kwanza majengo yote, bodi, mkuu wa shule, viranja na mzazi mmoja fundi, ndo tukae. Ripoti ya kusomewa unaweza ukaibishia, ukuta uliolowa umeushika kwa mkono utabisha nini? Nyie je?

Mwalimu wa kemia:
Kwetu tatizo lilikuwa stoo. Ufunguo anao mtu mmoja, akisafiri hakuna praktiko, na leja, yaani daftari la vifaa, anaijaza yeye anaikagua yeye. Sasa hivi mwisho wa muhula tunahesabu pamoja, mimi, mtunza stoo, mwakilishi wa wanafunzi na mzazi kutoka kamati. Kilichovunjika kinaandikwa kimevunjika, basi. Yule mzazi kumbe alikuwa hajui kama mipira ya gesi inachakaa na inatakiwa kubadilishwa, ye ndo aliyeisemea kwenye bajeti kuliko hata mimi.

Niliyewahi kuwa dada mkuu:
Vyoo vya wasichana vilijadiliwa na wanaume watupu, wakapitisha rangi. Sisi tulichotaka ni makomeo kwenye milango, maji, na pipa la kutupia pedi. Tulikuja kuulizwa baadaye sana, na komeo ni kitu cha bei ndogo jamani!! Rangi ilipendeza lakini, sidanganyi 😂

Mzazi seremala:
Mi nina la kulalamika. Nilijitolea kutengeneza viti na meza, shule ikaona imepata fundi wa bure, kila mguu wa kiti ukilegea napigiwa simu, nikiwa kazini kwangu pia napigiwa. Huko siyo kushirikishwa, huko ni kufanywa kibarua. Tukakaa tukakubaliana skrubu na bawaba wanafunzi wenyewe wanakaza, niliwafundisha, kazi kubwa inalipwa, na makadirio pamoja na risiti vinabandikwa ubaoni kila mtu aone. Tangu risiti zibandikwe hata wale wabishi wa michango wamepoa.

Jirani wa shule:
Zamani vijana wa mtaani walikuwa wanaruka ukuta kucheza mpira, koki zinang'olewa. Shule ikafungua uwanja na ukumbi wikiendi kwa masharti, hela ya kukodi ukumbi inaenda kwenye matengenezo, na vijana walewale ndo wanawafukuza waharibifu. Ila ugomvi wa nani afagie ukumbi Jumapili jioni bado upo.

Mwanzisha mada:
@Jirani hayo masharti mmeyaandika au ni ya mdomo? Na kitu kikivunjika wikiendi analipa nani?

Jirani wa shule:
Ya mdomo mkuu. Ndo maana tunagombana.