Wakuu, Pasaka hii nianzie Tanga mjini au Saadani?

Mpita_Njia (Machi 21, 2023)
Habari za mchana wakuu. Pasaka hii nina mgeni kutoka Njombe. Nataka nimtembeze Tanga mjini, Mapango ya Amboni, Pangani, halafu Saadani akaone wanyama, ndipo turudi Dar. Nimekwama kwenye mpangilio: tuanzie Tanga tushuke Saadani, au tuanzie Saadani tupande Tanga? Usiku sipati usingizi kwa hili jambo. Natanguliza shukrani.

Mwana_Chumbageni
Karibu Tanga, waja leo waondoka leo! Anzia mjini mkuu. Jioni nendeni Raskazone mkapunge upepo. Asubuhi Amboni, kilomita kama 8 tu kwa barabara ya Horohoro. Muongozaji atawaonyesha mahali watu wanapoupelekea mzimu wa Mabavu sadaka zao, na lazima atawapa ile ya mbwa aliyepotelea pangoni akaja kutokea Kilimanjaro. Msibishane naye, ni furaha yake. Mkienda Pangani simameni Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale.
Ila Pasaka itaangukia ndani ya Ramadhani. Mchana migahawa mingi imefungwa. Vumilieni, futari ya Tanga mtaisimulia.

Dereva_Mstaafu
Hujataja gari, hujasema mgeni ni nani. Mgeni wa kawaida hamkoseshi mtu usingizi.

Mpita_Njia
Gari ninalo mkuu, hilo si tatizo. Mgeni ni mtu mzima kidogo.

Binti_Makorora
Mie Saadani naijua kwa machozi. Tulienda na mchumba wangu wa wakati huo, mwezi wa nne, gari likazama kwenye ule udongo mweusi baada ya Mkwaja. Tumelala humohumo garini, mbung'o wanatung'ata, yeye kanuna kama nimelizamisha mimi. Asubuhi vijana wa kijijini wakatusukuma, akaanza kubishana nao bei ya soda. Pale pale nikajua huyu hapana. Kwa hiyo Saadani ninaishukuru.

Dereva_Mstaafu
"Mtu mzima kidogo" ndiyo nini? Na gari gani?

Mpita_Njia
Haya. Gari ni IST, kale kadogo ka Toyota. Mgeni ni baba mkwe, ana miaka themanini kasoro, anatembelea fimbo. Shida ni kwamba nimeshamwambia ataona tembo wakioga baharini. Niliona picha mtandaoni, nikamtumia mke wangu, naye akaitupa kwenye grupu la ukoo. Sasa mashangazi wote wa Makete wanasubiri video. Malazi ya Saadani nimeshalipa advansi na hairudishwi, kwa hiyo tafadhali asije mtu hapa kuniambia niahirishe. Mahari sijamaliza, lakini hilo halihusiani.

Ustadhi_Mpole
Hilo ndilo linalohusiana. Ndugu yangu, deni la mkwe halilipwi kwa tembo. Maliza haki ya watu kwanza, utalii baadaye.

Kipanga_Juu
Mwaka 1914 Waingereza walishuka Tanga na jeshi la maelfu, Wajerumani walikuwa wachache mno, na bado Waingereza walirudi melini wakiwa wameng'atwa na nyuki. Wewe unakuja na IST na deni la mahari?

Dereva_Mstaafu
Sasa tuongee. Saadani imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo pekee Tanzania ambayo pori lake linakutana na Bahari ya Hindi. Tembo wapo, lakini wanashuka ufukweni kwa wakati wao, tena kwa nadra. Kuna watu wamelala pale usiku kadhaa wakaona nyayo tu. Usimwahidi mzee kitu ambacho hata askari wa hifadhi hawezi kukiahidi.

Aprili ni masika. Ukitoka Pangani unavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha Mkwaja, ndipo uingie hifadhini. Mvua ikinyesha pale hata gari refu linaomba dua. IST iishie Pangani. Kwa hifadhi kodi gari la foo wili pamoja na dereva anayeijua njia, tena muulize kwa simu asubuhi ya siku hiyo hiyo kama panapitika. Malipo ya kiingilio yashughulikie mapema kwa namba ya malipo, usiende na bunda la noti getini. Kama mto umekaa vizuri, mpandishe mzee boti ya Mto Wami. Anakaa, anaona viboko na mamba, fimbo imelazwa pembeni. Amboni mwache nje, mle ndani kuna mahali mtu anainama sana.

Mpita_Njia
Nashukuru, lakini IST yangu nimeinyanyua springi. Na jirani yangu alifika Saadani na Vitz.

Dereva_Mstaafu
Mwezi gani?

Mpita_Njia
Septemba.

Mchimba_Chimbuko
Wakuu, hii ni chai. Mtu kajiunga humu wiki iliyopita. Mzee wa Njombe, fimbo mkononi, afuate nini Pangani? Hapa pametajwa Amboni, Tongoni, Wami, malazi, boti, vyote kwa mpangilio. Kesho mtaona namba ya WhatsApp na "kifurushi cha Pasaka". Nimekaa pale.

Binti_Makorora
Ina maana nimemwaga siri ya mchumba wangu kwenye tangazo?

Mwana_Chumbageni
Tongoni nimeitaja mimi. Na mimi siuzi kitu, nauza nazi.

Mpita_Njia
Mkuu usinivunjie heshima. Pangani kaitaja mzee mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 60 aliletwa na SILABU, ile ofisi iliyokuwa ikiandikisha vibarua wa mashamba, kukata mkonge, alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Anataka aione kambi yao kama bado ipo.

Mchimba_Chimbuko
SILABU hata mtandaoni ipo. Kamuulize kipande, ile kadi ya kazi ya manamba, kilikuwa cha siku ngapi. Ukinijibu ndani ya saa moja nafuta maneno yangu.

Mpita_Njia
Nimempigia. Amecheka mpaka kakohoa. Anasema siku 30 za kazi, na siku ambayo hukutimiza mafungu haikuhesabiwa. Fungu moja majani 30. Anauliza anayeuliza ni mtoto wa nani.

Mchimba_Chimbuko
Nimefuta. Babu yangu alikuwa nyapara wa mkonge kule Muheza. Usimwambie.

Kipanga_Juu
Mwambie! Mwambie leo leo!

Ustadhi_Mpole
Una mzee kama huyo, nawe unakosa usingizi kwa ajili ya tembo? Mpeleke kambini kwake, na mahari iende kwenye bahasha siku hiyo hiyo.

Dereva_Mstaafu
Mkwe yupo, tumekubali. Tembo ndiye hayupo. Mpigie mwenye malazi akusogezee hiyo advansi hadi Julai, wengi wanakubali kubadilisha tarehe hata kama pesa hawarudishi. Pasaka fanyeni Tanga na Pangani, mumtafutie kambi yake.

Mpita_Njia
Asanteni wote, nimewaelewa. Ila mzee anasema enzi zao Bweni hadi Mkwaja walikwenda kwa miguu hata masika, njia wakaimudu. Sasa naomba kuuliza: abiria wakishuka, IST ikaenda tupu, nayo itashindwa?