Mwanamke mweusi afe gerezani ndipo tumhurumie askari aliyemuua? NIMECHOKA

Wakuu, kama hujaimaliza Orange Is the New Black, uzi huu usiufungue. Nitasema kila kitu.

Tamthilia hii ya gereza la wanawake Marekani imerushwa na Netflix kuanzia 2013 hadi 2019, misimu 7, na mpaka leo ukigusa habari za wafungwa wanawake lazima atokee mtu wa kukwambia kwamba ndiyo iliyowapa wanawake weusi nafasi. Nafasi ipi hasa? Ya kufa?

Poussey Washington. Binti mwembamba, mpenda vitabu, anafanya kazi maktaba ya gereza, anaongea Kijerumani kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi kule. Kilichomfunga ni bangi. Msimu wa 4, mwaka 2016, wafungwa wanapanda juu ya meza bwaloni kwa amani kabisa wakidai mkuu wa askari aondolewe. Poussey anahangaika kumtuliza mwenzake Suzanne. Askari kijana, Bayley, anamkandamiza sakafuni kwa uzito wake wote mpaka pumzi inakata. Miaka 2 kabla ya hapo Eric Garner alikufa New York mikononi mwa polisi, akilalamika kwamba hawezi kupumua. Waandishi walijua vizuri kabisa msiba wa nani wanauchota.

Halafu tazama walivyoupanga. Katika kipindi hichohicho anachouawa Poussey, maisha ya zamani tunayorudishwa kuyaona ni ya BAYLEY! Ujana wake, marafiki zake, upole wake. Tunaandaliwa kumwonea huruma kabla hajaua. Poussey anapewa zake kipindi kinachofuata, akiwa tayari maiti, mwili umeachwa palepale sakafuni. Mkuu wa gereza, Caputo, anasimama mbele ya waandishi wa habari, anamkingia kifua askari wake, na jina la marehemu halitaji. Taystee, rafiki mkubwa wa Poussey na mfungwa mwenzake, anasikia, anapandwa na wazimu wa uchungu.

Najua kuna watakaosema hiyo ndiyo ilikuwa shabaha, kutuonyesha uonevu. Sikubali. Kosa analolipigia kelele Taystee ndilo tamthilia yenyewe imelitenda kipindi kimoja tu nyuma.

Na sababu haikujificha. Mwaka huohuo ilisambaa picha ya timu ya waandishi wake: hakuna mwandishi mweusi hata mmoja. Hata mmoja! Watu wamekaa mezani kuandika kifo cha mwanamke mweusi chini ya mzungu mwenye sare, na hakuna aliyekuwepo ambaye kifo cha namna hiyo kinaweza kumgonga mlangoni kwake.

Muasisi wake, Jenji Kohan, alishasema tangu 2013 kwamba Piper, mhusika mkuu, yule mzungu wa nywele za dhahabu, alikuwa farasi wake wa Troya (yule wa mbao wa hadithi ya kale, aliyeingizwa mjini na askari wamejificha tumboni), kwa kuwa hadithi za wanawake weusi na Walatino peke yake zisingenunuliwa. Sawa, farasi kaingia mjini. Mbona misimu 7 yote hakuna aliyetoka tumboni? Piper anaachiwa kabla ya muda wake, anaanza maisha upya. Taystee, aliyesimama kudai haki ya rafiki yake, anafungwa maisha kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Anafikia hatua ya kutaka kujiua. Mwishoni anaachwa na mfuko wa kusaidia wafungwa wenye jina la Poussey, na sisi tufurahi.

Msiniletee tuzo 2 za Emmy, zile za televisheni ya Marekani, za Uzo Aduba aliyeigiza Suzanne. Alizistahili, na zingine zaidi. Samira Wiley (Poussey) na Danielle Brooks (Taystee) nao waliigiza mpaka ukasahau ni maigizo. Kipaji cha waigizaji hakimsafishi aliyeshika kalamu.

Australia nako ni yaleyale. Wanawake wa asili ya nchi ile ni zaidi ya theluthi moja ya wafungwa wote wanawake, ilhali watu wao hawafiki hata 5% ya raia. Wentworth, tamthilia yao ya gereza la wanawake, ilianza 2013 ikiwa na shujaa mzungu. Alikuwepo Doreen wa Shareena Clanton tangu msimu wa 1, lakini tukasubiri mpaka msimu wa 6, mwaka 2018, ndipo Leah Purcell na Rarriwuy Hick wakaletwa kama dada wawili, Rita na Ruby, wenye ukoo na mambo yao wenyewe.

Mnaoitetea Orange, njooni hapa. Sitaki kusikia "ilileta mjadala". Nijibuni hili tu: kwa nini siku aliyokufa Poussey tulihadithiwa ujana wa Bayley?