Naomba ushauri: treni ya modeli inapoteza nguvu upande wa mbali

Habari zenu wakuu, naombeni msaada hapa. Najenga reli ndogo ya modeli skeli ya HO (1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi) juu ya kipande cha plaiwudi cha sm 120 kwa 80, duara moja tu na njia ya pembeni ya kupakilia. Seti ni ya mtumba, inatumia DC volti 12, na mlima naufanya kwa maboksi ya friji na magazeti yaliyolowekwa gundi maana bajeti ni ndogo kweli.

Sasa shida ni hivi, karibu na waya za transfoma injini inakimbia vizuri, ikifika upande wa pili inazorota, na nikiifungia mabehewa matatu inasimama kabisa. Nimesafisha reli kwa spiriti, nimebana viungio kwa koleo, vile vyenye kutu vyeusi nikavibadilisha, bado.

Je, nichomee kwa risasi nyaya nyingine za umeme upande wa mbali, au transfoma ndo imechoka? Na kama ni nyaya, za simu ya mezani zinatosha au ni nyembamba mno? Natamani sana nimalize hii bila kununua transfoma mpya. Asanteni.