Naomba ushauri: niondoe karanga kwenye unga wa lishe kwa sababu ya sumukuvu?

MamaUlezi (Moshi)

Wanajamvi, habari za leo. Ninatengeneza unga wa lishe hapa Moshi na kuwauzia akina mama wa mtaani kwetu pamoja na maduka machache ya Kiboriloni. Mchanganyiko wangu ni ule unaofahamika na wengi: mahindi, ulezi, soya, mchele kidogo na karanga zilizokaangwa, vyote vikisagwa pamoja. Hivi karibuni mteja wangu mmoja aliniuliza iwapo unga huu umewahi kupimwa sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga), nami nikamjibu kuwa bado. Tangu siku hiyo nimeuliza huku na huku, na kila mtu ana lake. Wapo wanaosema karanga ndizo za kuondolewa, wapo wanaosema tatizo ni mahindi, na jirani yangu anashikilia kwamba kukaanga kunamaliza kila kitu.

Mahindi ninanunua soko la Mbuyuni, na wauzaji huniambia mengi yanatoka Kiteto na Babati. Walaji wa unga wangu ni watoto wa kuanzia miezi 6, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama kuondoa karanga kunatosha, na kama ipo njia ya kupunguza hatari ambayo mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kuimudu.

Mzee wa Dona (Arusha)

Mama, pole kwa wasiwasi, lakini mimi nimekula dona na karanga tangu utotoni na bado napanda ngazi bila kuhema. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya walizuia mahindi yetu kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu, malori yakakwama Namanga, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti. Mimi niliona biashara zaidi kuliko afya. Kaanga karanga zako vizuri, pika uji uchemke sana, na uendelee na kazi.

Fundi Maabara (Tengeru)

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu Namanga sitabishana nawe, kwa maana biashara ilikuwemo. Ila katika suala la kuchemsha naomba nitofautiane nawe, kwa sababu kinachokufa kwenye sufuria ni ukungu, si sumu iliyokwisha kutengenezwa na ukungu huo. Uji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi au pungufu kwa huku kwetu milimani, ilhali sumukuvu huanza kuvunjika kabisa ikipita nyuzi 230. Kukaanga karanga hupunguza sehemu ya sumu, kutegemea moto na muda, lakini hakuiondoi. Wala usitegemee kuionja au kuinusa, kwa kuwa haina ladha wala harufu. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 walifariki 125. Hao walikuwa wakila ugali uliopikwa ukaiva.

MamaUlezi, karanga na mahindi ndivyo vinavyoongoza kwa hatari katika orodha yako, na ulezi kwa kawaida uko chini sana. Ukiondoa karanga umepunguza mlango mmoja. Mlango wa mahindi ni mpana zaidi, kwa sababu mtoto anakula mahindi mengi kuliko karanga, na mahindi yana sumu nyingine iitwayo fumonisini, ambayo hutokana na ukungu wa aina tofauti unaoanza shambani. Kwa hiyo ushauri wangu ni kushughulikia vyote viwili, na kuanza na mahindi.

Jambo la kwanza ni kuyakoboa. Najua Mzee wa Dona hatafurahi, lakini sumu hizi hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, ambavyo huondoka pamoja na pumba. Ni kweli kwamba unapoteza vitamini na nyuzinyuzi, na kwa mtu mzima ningefikiri mara mbili, lakini kwa uji wa mtoto mchanga ningekoboa bila kusita, kisha nikafidia kwa ulezi. Pumba zenyewe usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumukuvu anayokula ng'ombe hubadilishwa mwilini mwake na sehemu yake kutokea kwenye maziwa ndani ya siku moja.

Nafaka Mbuyuni (Moshi)

Mimi ni muuzaji, na nitasema ambayo wenzangu hawatapenda. Dada, usinunue mahindi kwa kuangalia mdomo wa gunia. Mwambie muuzaji amwage debe moja chini kwenye turubai, halafu uangalie punje zilizovunjika, zilizopauka au kuwa na rangi ya kijivu karibu na kiini, na zilizotobolewa na dumuzi. Punje iliyotobolewa imefunguliwa mlango wa ukungu. Ukiona unga mwingi unadondoka, gunia hilo liache hata kama bei imeshuka.

Unyevu unaweza kuupima mwenyewe. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokauka vizuri, tikisa kwa dakika chache kisha uache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, nayo hayafai kuhifadhiwa. Tunataka asilimia 13 au kama hapo. Yakishakauka, yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa kama ile ya PICS, lakini usiweke mahindi mabichi humo ukidhani mfuko utayakausha.

Kuchambua kwa mkono kunakula muda na kunapunguza kilo, kwa hiyo lazima bei yako ibebe hasara hiyo. Yale mabovu choma au fukia. Nimeshuhudia mabovu yakiuzwa kwa wapika pombe na wenye kuku, na hapo sumu inarudi mezani kwa njia nyingine.

Muuguzi wa Kliniki (Arusha)

Ninapima watoto kila wiki, na kwa kuwa wengi huhusisha sumu hizi na udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, ningependa tuwe waangalifu tunapolizungumzia hilo. Utafiti uliofanyika Rombo na kuchapishwa mwaka 2010 uliwaona watoto waliokula fumonisini kupita kiwango kinachokubalika wakiwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao walipofika mwaka mmoja. Hilo linatutia hofu kihalali. Lakini jaribio la Kenya lililochapishwa mwaka 2018, ambapo baadhi ya familia zilibadilishiwa mahindi yenye sumukuvu na kupewa safi, halikuonyesha tofauti ya maana ya kimo mwishoni, ingawa kipimo cha katikati kilikuwa kimeonyesha nafuu. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mama kwamba mtoto wake amedumaa kwa sababu ya karanga. Maradhi ya kuhara, uzito wa kuzaliwa na uhaba wa chakula vimo katika hesabu hiyo.

Jambo lisilo na ubishi ni ini. Sumukuvu imethibitishwa kusababisha saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini B hatari huongezeka hadi takriban mara 30. Chanjo ya virusi hivyo imo ndani ya ile wanayopewa watoto wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na wateja wako wanapaswa kuikamilisha.

Naunga mkono kutoa karanga kwenye unga, mradi usiwaache akina mama wakidhani uji pekee unatosha. Yai, maziwa, maharage yaliyopondwa au dagaa safi vinaweza kushika nafasi yake.

MamaUlezi (Moshi)

Nawashukuru sana. Nimeamua mahindi yatakobolewa na yatachambuliwa kabla ya kupelekwa mashineni. Kuhusu karanga, wateja wangu wanazipenda kwa ladha, nami naona nikiziondoa kabisa watajisagia wenyewe zile za bei nafuu. Je, nikiziuza pembeni zikiwa nzima itakuwa vibaya? Pia naomba kuelekezwa namna ya kupeleka sampuli kupimwa, maana nilidhani kikombe kimoja cha unga kinatosha.

Fundi Maabara (Tengeru)

Kuziuza nzima ni bora mara nyingi kuliko kuzisaga, kwa sababu karanga iliyokwisha kusagwa haichambuliki tena. Zipashe moto kiasi tu, zisugue ganda jekundu litoke, kisha uzipasue na kuondoa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye weusi kati ya vipande viwili. Ukizikaanga hadi ziwe kahawia kabla ya kuchambua, mbovu na nzima zitafanana. Faida nyingine ni kwamba unga usio na karanga hauchachi upesi dukani.

Kuhusu kipimo, kikombe kimoja kinaweza kukudanganya pande zote mbili. Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, huku maelfu yaliyobaki yakiwa safi. Ukichota sehemu moja ukazikosa, cheti kitakuja kizuri na unga utakuwa mbaya. Chota kidogo kutoka kila gunia, juu, katikati na chini, changanya yote mpaka upate kilo kadhaa, saga yote pamoja, ndipo utoe sehemu ya kupeleka maabara. Andika tarehe na magunia yaliyohusika, kwani majibu ni ya shehena hiyo tu.

Nenda ofisi ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ya Kanda ya Kaskazini iliyopo Arusha, kwa kuwa ndiyo wanaosimamia usalama wa chakula tangu mwaka 2019, na usajili wa bidhaa yako utapitia kwao. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na 5 kwa ile ya aina ya B1, iliyo kali kuliko zote. Ila usiridhike na 9. Umoja wa Ulaya umeweka 0.1 ya B1 kwa vyakula vya watoto wachanga, na ingawa si rahisi kwetu kufika huko leo, shehena inayokaribia kikomo ningeiacha isiingie kwenye unga wa mtoto. Ukipata majibu yalete hapa tuyasome pamoja, ukitaja pia kama sampuli ilichukuliwa kabla au baada ya kukoboa.