Mnapenda vituko vya Mashiro, kazi yake hamtaki kuiona

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Kila wakitajwa wachoraji wa kwenye anime (katuni za Kijapani), watu wanamkimbilia Mashiro Shiina wa Sakurasou no Pet na Kanojo. Sifa zenyewe ni zilezile: hajui kuvaa mwenyewe, chumba chake kama jalala, kutwa anatafuna keki za baumkuchen, eti kipaji cha kweli ndivyo kilivyo. Hivi mliangalia kweli? Episodi 24 za 2012 hadi 2013, mkaondoka na hilo tu?

Yule binti alikuwa na jina tayari kwenye uchoraji akiwa Uingereza. Akaliacha, akaja Japani kuanza upya kama mchora manga (hadithi za katuni za vitabuni), kazi asiyoijua. Mkono wake ni wa ajabu lakini hadithi zake za mwanzo hazina ladha, ikabidi ajifunze kama mwanafunzi yeyote. Anachora usiku kucha mpaka analala chini ya meza. Huo uchafu mnaoushangilia umetokana na mtu aliyemaliza nguvu zote kwenye karatasi!

Na nguo zake nani anafua? Sorata, mwanafunzi mwenzake wa bwenini, ambaye naye ana ndoto yake ya kutengeneza magemu, na mawazo anayowasilisha yanakataliwa. Halafu yupo Nanami Aoyama. Katoka Osaka baba yake hataki, anafanya vibarua ili alipie mafunzo ya kuigiza sauti, anachoka mpaka anaugua, na mwishoni hachukuliwi. Niliumia sana kwa ajili ya Nanami. Sijawahi kuona hata uzi mmoja wa kumsifia.

Nodame, yule mpiga piano wa anime ya Nodame Cantabile, naye mmemfanyia hivyohivyo. Mnasimulia takataka za chumbani na jinsi anavyopiga piano kwa kusikia tu. Alipofika Paris sikio peke yake halikutosha, ilibidi akae chini asome nota. Hapo mnaruka.

Hasira yangu ina sababu. Kwenye kikundi chetu cha uchoraji kuna jamaa kazigeuza anime hizi kuwa leseni. Chumba tunachangia kodi, yeye analipa akijisikia. Anaazima brashi za watu, anaziacha na rangi ya mafuta mpaka zinakuwa kama kuni, na hapo hata uziloweke kwenye tapentaini wiki nzima hazirudi. Wanaosafisha ni dada wawili walewale, kila siku, nao wana picha zao za kumaliza. Ukimwambia anajibu, "Wasanii ndivyo tulivyo." Tangu Ramadhani hajamaliza picha hata moja! Na kuna watu wanamwita Mashiro wa kiume, naye anafurahi.

Mnawaharibu watoto wa watu. Atakayekuja hapa chini kumtetea Mashiro, aanze na kurasa alizochora, ya pajama tumeshayasikia.